Seva mbili, kabati moja la diski: shajara ya klasta ambayo haikuiona diski yake

Mradi wenyewe ni huu. SACCOS moja hapa Morogoro inahamisha hifadhidata yake ya PostgreSQL kutoka kwenye kompyuta moja ya mezani kwenda kwenye seva mbili zinazotumia diski moja ya nje kwa zamu. Ya kwanza ikianguka, ya pili inaichukua diski na kazi inaendelea. Seva nimezipa majina ya milima yetu, `uluguru` na `mindu`. Zote zina AlmaLinux 9, ambao ni mfumo endeshi wa Linux, pamoja na Pacemaker na Corosync, programu zinazozifanya seva mbili kuwa klasta, yaani kundi linalofanya kazi kama moja. Diski ziko kwenye kabati la nje lenye vidhibiti viwili, A na B, na katikati kuna swichi ya Fibre Channel, mtandao maalumu wa kuunganisha seva na diski kwa faiba. Karibu kila kitu ni cha mtumba isipokuwa diski.

Hatua za kawaida nitazipitia haraka. Nafasi nawapa wale watakaokaa mbele ya skrini kama nilivyokaa mimi, klasta inasema ni nzima na diski haipo.

3 Februari 2025: Klasta imesimama, diski hakuna

Kila seva ina kadi moja ya Fibre Channel ya gigabiti 16 yenye milango miwili, na zote zinatumia kiendeshi cha `qla2xxx`. Mfumo endeshi umewekwa, majina yameingizwa kwenye `/etc/hosts`, na hazina ya `highavailability` imewashwa. Kisha:

`dnf install pcs pacemaker fence-agents-all sg3_utils lsscsi device-mapper-multipath`

Baada ya `pcs host auth` na `pcs cluster setup`, nodi zote mbili, yaani seva za klasta, zikawa Online. Lakini `lsblk`, amri inayoorodhesha diski, kwenye seva zote ilionyesha diski za ndani tu.

Hapa wengi hukimbilia logi za Pacemaker, na siku nzima hupotelea huko. Pacemaker haitafuti diski. Kazi yake ni kuanzisha na kusimamisha huduma juu ya kile ambacho kerneli, kiini cha mfumo endeshi, imekwisha kukiona, kwa hiyo kama `lsblk` haina diski, klasta haina cha kukuambia. Niliizima kabisa kwa `pcs cluster stop --all`, nikaamua kupanda kutoka chini: mwanga kwanza, kisha swichi, zoni (ruhusa za nani amwone nani ndani ya swichi), kabati, kerneli, multipath (kuunganisha njia kadhaa za diski moja), LVM (kupanga diski katika volyumu), na klasta mwisho kabisa. Mpangilio huo ndio unaofuatwa na tarehe zote zinazofuata.

5 Februari: Waya za njano

Kadi zinaonekana kwa `lspci`, kiendeshi kimepakiwa. Swali la kwanza ni kama kuna mwanga:

`cat /sys/class/fc_host/host*/port_state`

Linkdown, kwenye milango yote minne.

Waya nilizokuwa nazo zilinunuliwa mjini hapa hapa, rangi ya njano. Ukiingia duka lolote la vifaa vya intaneti utakuta za namna hiyo zimejaa, kwa sababu ndizo zinazotumika kuingiza faiba majumbani na maofisini. "Kaka, hizi ndizo zinazotembea," muuzaji aliniambia, na kwa biashara yake ni kweli. Tatizo liko kwenye kiini cha waya. Njano ni ya modi moja, kiini chake ni cha mikroni 9 hivi. Moduli za SFP (vipande vinavyotuma na kupokea mwanga) zilizo kwenye kadi, swichi na kabati langu ni za masafa mafupi, zinatoa mwanga wa nanomita 850 na zinataka waya wa modi nyingi wenye kiini cha mikroni 50. Kichwa cha LC kinaingia vizuri kabisa pande zote mbili, kinabofya, na macho yanaridhika. Mwanga mwingi unapotea pale pale mlangoni. Mlango mmoja wa `mindu` uliwaka kwa muda, ukazima, ukawaka tena, jambo ambalo lingeweza kumfanya mtu aamini kadi ni mbovu.

Kabla ya kulaumu moduli, nilihakikisha kwamba zinatoa mwanga. Usichungulie mlango wa faiba kwa jicho, hata sekunde moja, maana mwanga huo hauonekani lakini unaumiza. Elekeza kamera ya mbele ya simu. Kwenye skrini ya simu yangu kila moduli ilionyesha kidoa cheupe chenye zambarau, upande mmoja tu wa mlango, ule wa kutuma. Moduli zote zilikuwa hai.

Gharama: waya sita za njano kwa shilingi 12,000 kila moja, jumla 72,000. Hazikufaa hapa, zimekwenda kwenye laini ya intaneti ya ofisi. Waya za OM3, zile za modi nyingi zenye rangi ya samawati-kijani, nimeagiza Dar es Salaam: saba kwa 28,000, yaani 196,000, na 7,000 ya kifurushi kwenye basi. Kwa gigabiti 16, OM3 inafika mita 100. Mimi nahitaji mita tatu.

11 Februari: No_Light

Kifurushi kimefika. Milango mitatu ya seva imekuwa Online mara moja. Wa nne, mlango wa pili wa `mindu`, bado Linkdown.

Swichi ndiyo iliyotoa jibu. `switchshow` ilisema No_Light kwenye mlango ule, maana yake hakuna mwanga unaoingia. Ingesema No_Sync, ningejua mwanga upo ila pande mbili hazielewani, na ningeanza kuangalia spidi. No_Light na moduli nzima pande zote mbili inaacha mambo mawili: waya uliokatika, au nyuzi mbili zilizokaa kinyume, kutuma kukitazamana na kutuma. Waya wa faiba wa LC una nyuzi mbili zilizoshikwa na kibanio cha plastiki. Kwenye waya huu mmoja kibanio kilikuwa kimefungwa bila kupishanisha. Nilikifungua kwa ukucha, nikabadilisha nyuzi upande mmoja, nikakifunga. Online.

Diski bado haipo. Online maana yake kadi imeingia kwenye swichi tu, na hilo halisemi chochote kuhusu kabati.

12 Februari: Zoni za mwenyeji wa zamani

Amri ya leo ni moja:

`ls /sys/class/fc_remote_ports/`

Tupu, kwenye seva zote mbili. Kadi ziko ndani ya swichi, kabati liko ndani ya swichi, na haziruhusiwi kuonana. `cfgshow` ikaonyesha sababu: swichi ilikuja na usanidi wa zoni wa waliokuwa nayo kabla, na vifaa vyangu havimo kwenye zoni yoyote. Usanidi wa zoni ukiwa umewashwa, kifaa kisichomo hakioni mtu.

Kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachotumia swichi hii, nilifuta vyote: `cfgdisable`, `cfgclear`, `cfgsave`. Kwenye swichi inayohudumia mifumo mingine usifanye hivyo kamwe, ongeza zoni zako tu. Nikaunda zoni nne, kila moja ikiwa na mlango mmoja wa seva na milango miwili ya kabati. Usiweke milango ya seva mbili kwenye zoni moja. Seva hazina sababu ya kuzungumza kwa njia hiyo, na moja ikianza vurugu ya kuingia na kutoka, nyingine inasumbuliwa bure.

Baada ya hapo `uluguru` ikaliona kabati, `mindu` haikuliona. Zoni za `mindu` ziliongezwa mwishoni zikaishia kwenye `cfgsave`. Amri hiyo inahifadhi tu. Kinachofanya kazi hakibadiliki mpaka `cfgenable` ipigwe tena. Baada ya kuipiga, faili ya `roles` chini ya kila mlango wa mbali ikasoma FCP Target, mara nne kwa kila seva.

Gharama: hakuna.

14 Februari: Tarakimu moja ya WWN

Leo `lsscsi` kwenye `uluguru` imeonyesha diski kwa mara ya kwanza, terabaiti mbili, njia nne. Kwenye `mindu` imeonyesha kidhibiti cha kabati peke yake, bila diski.

Nodi mbili zinazotakiwa kufanana zikitofautiana, jibu liko ndani ya tofauti. Waya ni zile zile, zoni zimethibitishwa. Kilichobaki ni orodha ya kabati lenyewe, inayosema seva gani inapewa LUN gani, yaani diski gani ya kabati. Nilifungua ukurasa wa usimamizi nikaweka anwani za Fibre Channel (WWN) za seva mbili juu na chini. Za `uluguru` zilianza na 21:00:00:24:ff. Za `mindu` zilianza na 20:00:00:24:ff.

Kila kadi ya Fibre Channel ina majina ya aina mbili, la nodi na la mlango. Kwenye kadi hizi la nodi linaanza na 20 na la mlango linaanza na 21, na baada ya hapo yanaweza kufanana hadi mwisho. Kabati linagawa LUN kwa jina la mlango. Likikuta jina la nodi kwenye orodha halilalamiki, linasubiri mlango wenye jina hilo, nao hautakuja kamwe. Wakati huo huo seva halisi inaingia kama mgeni asiye na LUN, inaonyeshwa kidhibiti, basi. Usinakili kutoka kwenye kibandiko cha kadi. Soma kutoka kwenye kerneli:

`cat /sys/class/fc_host/host*/port_name`

Nilirekebisha orodha, nikaipa `mindu` LUN ile ile kwa namba ile ile iliyopewa `uluguru`, kisha nikatafuta upya bila kuwasha seva upya:

`rescan-scsi-bus.sh -a`

Diski ikaja kwa njia nne.

18 Februari: Multipath, bila makuu

Diski moja yenye njia nne inaonekana kama diski nne, sdb hadi sde. Ukiandika kwenye moja na nyingine kwa pamoja bila multipath unaharibu data. `mpathconf --enable --with_multipathd y` imeziunganisha.

Mambo mawili ya kushika. Usiamini majina ya mpatha na mpathb, kwa sababu kila seva inayagawa kivyake na diski moja inaweza kuitwa tofauti kwenye nodi mbili. Nimeweka jina maalumu, `akiba01`, ndani ya `/etc/multipath.conf` kwa kutumia WWID, namba ya kipekee ya diski. Na WWID yenyewe ndiyo ushahidi kwamba seva mbili zinaangalia diski moja:

`/usr/lib/udev/scsi_id -g -u /dev/sdb`

Namba lazima ilingane herufi kwa herufi pande zote mbili. Imelingana.

20 Februari: Diski inasomeka, haiandikiki

Hii ndiyo sehemu iliyonifundisha zaidi, na naomba fundi yeyote anayetumia kabati la mtumba aisome polepole.

`pvcreate /dev/mapper/akiba01`, amri ya kuiandaa diski kwa LVM, ilikataa kwa hitilafu ya kuandika. Kusoma kwa `dd` kulikwenda vizuri. Njia zote nne zilikuwa nzima kwenye `multipath -ll`. Ndani ya `dmesg` kulikuwa na mstari mmoja unaojirudia kwa kila njia: *reservation conflict*.

Diski za SCSI zina utaratibu wa kujilinda. Seva inasajili ufunguo wake kwenye LUN, kisha mmoja wa waliosajiliwa anaiwekea LUN kizuizi. Kizuizi cha aina ya tano, ambacho wakala wa `fence_scsi` hukitumia, kinamruhusu asiyesajiliwa kusoma lakini si kuandika. Ndivyo klasta inavyomfungia nje mwenzake aliyepotea ili asije akaandika juu ya data. Ufunguo huo hauko ndani ya seva. Uko ndani ya kabati.

Mwezi Desemba LUN hii ilitumika kwenye majaribio na seva mbili za kuazima. Uzio, yaani huko kumfungia nje mwenzake, ulikuwa `fence_scsi`, na kwa sababu ya umeme wetu chaguo la `aptpl` liliwashwa, linaloamuru kabati litunze funguo hata likizimwa. Seva zile zilirudi kwa wenyewe, funguo zikabaki. Kwa kabati, wenye diski bado ni wale.

`sg_persist --in --read-keys /dev/sdb`
`sg_persist --in --read-reservation /dev/sdb`

Ya kwanza ilitoa funguo ambazo hazikutoka kwenye seva zangu, ya pili ikathibitisha kizuizi cha Write Exclusive, registrants only, ile aina ya tano. Kuzifuta kunataka uwe umesajiliwa kwanza, hivyo unajisajili na kisha unafuta vyote:

`sg_persist --out --register-ignore --param-sark=7a01 /dev/sdb`
`sg_persist --out --clear --param-rk=7a01 /dev/sdb`

Baada ya hapo orodha ya funguo ikawa tupu na `pvcreate` ikapita.

Onyo, na nalitoa kwa uzito wote: amri ya pili inaondoa ulinzi wa kila aliyesajiliwa. Ukiipiga kwenye LUN ambayo klasta nyingine inaitumia, seva mbili zinaweza kuandika kwa pamoja na mfumo wa faili ukafa. Hakikisha kwanza kwamba hakuna seva nyingine hai iliyounganishwa. Mimi niliangalia orodha ya kabati na `nsshow` ya swichi kabla ya kugusa.

24 Februari: Imepotea tena, safari hii ndani ya LVM

Kundi la volyumu limeundwa kwenye `uluguru`:

`vgcreate --setautoactivation n vg_akiba /dev/mapper/akiba01`

Chaguo la katikati linazuia seva isiiwashe volyumu yenyewe wakati wa kuamka. Kazi hiyo ni ya klasta.

Kwenye `mindu`, `multipath -ll` inaonyesha diski, `vgs` haionyeshi kitu. Hapa sababu ni mbili, na moja si kosa.

Ya kwanza: tangu toleo la 9, LVM ya familia hii ya Red Hat inatumia faili ya vifaa, `/etc/lvm/devices/system.devices`. Diski isiyomo ndani yake haitazamwi kabisa. `pvcreate` iliiongeza kwenye `uluguru` yenyewe, na `mindu` haikuambiwa. Dawa ni kuipiga hii kwenye `mindu`:

`lvmdevices --adddev /dev/mapper/akiba01`

Hata hivyo `vgs` ikabaki tupu. Sababu ya pili ni kwamba kwenye `lvm.conf` nimeweka `system_id_source = "uname"`, ili kundi liwe la seva moja kwa wakati mmoja. Kundi lilikuwa la `uluguru`, kwa hiyo `mindu` inalificha, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. `vgs --foreign` ililionyesha mara moja. Mtu asiyejua hilo anaweza kurudi hadi kwenye waya kutafuta tatizo ambalo halipo. Baada ya kubadili `lvm.conf`, tengeneza initramfs, faili inayotumika mfumo unapoamka, upya kwa `dracut` kwenye nodi zote mbili, kisha ziwashe upya.

Mfumo wa faili ni XFS. Hauruhusu kufunguliwa na seva mbili kwa pamoja, usijaribu hata kwa kusoma tu.

2 Machi: Uzio na uhamisho

Rasilimali nne, yaani huduma zinazosimamiwa na klasta, kwenye kundi moja, kwa mpangilio huu: `LVM-activate` yenye `vg_access_mode=system_id`, kisha `Filesystem`, `IPaddr2`, na `pgsql`. Uzio safari hii ni `fence_ipmilan`, unaoizima seva iliyopotea kupitia mtandao wake wa usimamizi, na upande mmoja umecheleweshwa kidogo ili seva zisizimane kwa wakati mmoja. Nilichomoa waya wa mtandao wa `uluguru`. `mindu` iliizima, ikachukua diski, hifadhidata ikajibu. Wafanyakazi wa kaunta wameanza kuingiza michango ya wanachama kwa majaribio.

9 Machi: Umeme

Umeme ulikatika usiku kwa muda mrefu kuliko UPS. Asubuhi seva zote zilikuwa macho, klasta nzima, na rasilimali ya kwanza imeshindwa. `lsblk` haikuwa na `akiba01`.

Mama mhasibu alikuwa amekwisha kufika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Daftari za watu ziko salama?" Nilimwambia ziko salama, kwa sababu kabati lilikuwa linaonyesha LUN nzima na taa zote za kijani. Kilichokosekana ni seva kuiona.

Umeme uliporudi vyote viliamka pamoja. Kabati lina betri na kumbukumbu za kukagua, linachelewa. Seva zilipotafuta, lilijibu kidhibiti tu, LUN zilikuwa hazijafunguliwa. Zilipofunguliwa, hakuna aliyezituma seva zitafute tena. `rescan-scsi-bus.sh -a` kwenye zote mbili, kisha `pcs resource cleanup`, na huduma ikapanda.

Marekebisho ya kudumu: kwenye BIOS, seva zimepangwa kubaki zimezimwa umeme unaporudi, swichi na kabati zijiwashe. Seva huwashwa na mtu, baada ya kabati kuonyesha kwamba LUN ziko tayari. Pia nimepiga `pcs cluster disable --all`, klasta isianze yenyewe kabla diski haijathibitishwa kwa macho. Kwa ofisi inayofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, naona hilo ni bora kuliko kujiamini na mashine. Kituo kinachofanya kazi saa 24 kitahitaji njia nyingine. Karatasi ya mpangilio imebandikwa ndani ya mlango wa kabati: swichi, kabati, subiri, seva, `multipath -ll`, klasta.

Gharama: betri mbili za UPS, 170,000.

16 Machi: Jaribio la kuzima kila kitu

Jumapili, ofisi imefungwa. Tumezima umeme ukutani tukaacha UPS iishe. Tumewasha kwa karatasi, na aliyewasha ni kijana wa ofisi, mimi nikitazama tu. `multipath -ll` imeonyesha njia nne kwenye kila seva, klasta imeanzishwa, hifadhidata imefunguka kwenye `uluguru`. Kisha tumechomoa waya wa kidhibiti A: njia mbili zikafa, kazi ikaendelea kwa B bila hifadhidata kusimama.

Kinachobaki ni swichi. Ipo moja, na ikifa njia zote nne zinakufa nayo. Nafuatilia bei ya ya pili ya mtumba. Ikipatikana, mlango wa pili wa kila seva na kidhibiti B vitahamia kwake, na zoni zitaandikwa upya, kwa `cfgenable`. Tarehe hiyo itaingia hapa.